Plagi ni Nzuri, Je, Waya Wake?

Wakulima wengi wa skimu wana watoto wanaokaa Nairobi, katika mitaa ya Eastlands kama vile Kaloleni, Umoja na Kayole. Mzee akienda kuwatembelea, huenda akarudi shambani na birika la stima, pasi au ekstensheni. Hivyo ni vitu vizuri, lakini yafaa kujua kuvichagua, maana waya usiofaa waweza kuteketeza nyumba.

Stima ya Kenya ni ya volti 240. Plagi yetu ya miguu mitatu huandikwa ampea 13, na watu wengi hudhani kwamba waya nao una nguvu hiyo. Sivyo. Namba hiyo ni ya plagi tu. Kipimo cha waya ni unene wa shaba iliyo ndani, si unene wa mpira wa nje.

Stima katika waya ni kama maji katika mfereji. Mfereji mdogo ukitiwa maji mengi hufurika. Waya mwembamba ukipitisha stima nyingi hupata moto, mpira huyeyuka, na nyumba yaweza kuwaka.

Hesabu ni rahisi. Tazama wati zilizoandikwa kwenye chombo, uzigawe kwa 240. Birika la wati 2,000 lataka ampea 8 na kidogo. Waya wa milimita mraba 0.75 huchukua ampea 6 tu, basi haufai. Wa 1.0 huchukua ampea 10, nao watosha. Wa 1.25 huchukua ampea 13.

Ekstensheni yenye soketi nne haina nguvu mara nne, kwa kuwa zote hupitia plagi moja. Hata iliyo bora, ya ampea 13, mwisho wake ni wati 3,120. Birika hilo pamoja na pasi ya wati 1,200 ni 3,200: zimezidi. Tena, ikiwa waya wake ni mrefu uliozungushwa, ukunjue wote kabla ya kuutumia.

Fyuzi iliyo ndani ya plagi ni mlinzi wa waya. Redio yatosha fyuzi ya ampea 3. Ukitia ya 13 kwenye waya mwembamba, waya waweza kuungua fyuzi ikiwa bado nzima. Usitie kamwe kipande cha waya badala ya fyuzi.

Basi, kabla ya kulipa dukani, tafuta alama ya KEBS na usome kipimo kilichoandikwa kwenye waya wenyewe. Usipokiona, uache. Na nyumbani, waya ukiwa moto mkononi, zima mara moja, umwite fundi mwenye leseni.