Jino Lililozibwa Leo, Litakuwaje Baada ya Miaka Miwili?

Madaktari wa meno wakija kijijini kwa siku moja, jioni swali la kwanza huwa, "Wametibiwa wangapi?" Hesabu hiyo ni nzuri, lakini haitoshi. Swali kubwa ni hili: baada ya mwaka mmoja au miwili, meno hayo yako namna gani? Kutoka Garsen hadi Malindi ni zaidi ya kilomita 100, na Tana ikifurika, kama ilivyofurika 2023 na 2024, kurudi kwa daktari ni shida tupu. Basi tunataka matibabu yanayodumu.

Tuangalie njia moja ya kuziba meno inayofaa vijijini, kwa kuwa haihitaji stima. Ilianzia Tanzania katikati ya miaka ya 1980, na mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani (WHO) likaitangaza. Daktari hukwangua sehemu iliyooza kwa vifaa vya mkono, kisha huziba tundu kwa simenti maalum ya meno.

Je, inadumu? Inategemea tundu. Kwa meno ya utotoni, tundu likiwa upande mmoja tu wa jino, zaidi ya meno 90 katika kila 100 huwa bado mazima baada ya miaka 2. Likiwa limeingia pande mbili, katikati ya jino na jirani yake, hubaki kama 60 hivi. Na uchunguzi mmoja uliofanyiwa watoto wa shule vijijini hapa Kenya ulipata kwamba kwa matundu ya namna hiyo yalibaki kama 30 tu katika 100. Kumbe kazi ni ile ile, lakini matokeo si sawa! Ndiyo maana mtoto apelekwe mapema, tundu likiwa dogo. Na akishazibwa asile kwa muda wa saa moja, simenti ipate kukaza.

Kikundi kinaweza kufuatilia chenyewe. Nunueni daftari, mwenye jino akikubali, mwandike:

1. Jina, umri na kijiji.
2. Jino gani, na tundu lilikuwa la upande mmoja au pande mbili.
3. Lilizibwa au liling'olewa, na tarehe.
4. Baada ya miezi 6, mwaka 1 na miaka 2: simenti ipo? Jino linauma? Kuna uvimbe? Anatafunia upande huo?

Sasa hesabu, na hapa ndipo wengi hukosea. Tuchukue mfano: meno 40 yalizibwa. Baada ya miaka 2 mmewaona wenye meno 25, na 20 ni mazima. Mtu atasema, "20 kwa 25, tumefaulu kwa asilimia 80!" Je, yale 15 mengine? Pengine wenyewe wamehama na ng'ombe, au mafuriko yamewahamisha. Pengine pia jino liliharibika wakang'oa kwingine. Mkisema kweli, mazima ni kati ya 20 na 35 katika 40. Msiwahesabu wasioonekana kuwa wamepona. Watafuteni kwanza.

Tena, simenti kutoka si lazima jino limekufa. Kama haliumi, linaweza kuzibwa upya. Lakini mtu akiwa na uvimbe unaoteremka shingoni, homa, au hawezi kufungua mdomo wala kumeza, hiyo si ya kungoja siku ya kambi. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Madaktari watakaporudi, wapeni lile daftari walisome kabla hawajafungua vifaa vyao. Likionyesha kwamba matundu ya pande mbili hayadumu, waulizeni mbele ya wazazi: kwa watoto wetu hawa, njia gani ni bora zaidi?