Suluhu Kabla ya Matanga

Aghalabu husemwa ya kuwa kifo hukata fitina. Lakini mwenye kuzichunguza hitilafu za jamaa katika Kishapu, mkoani Shinyanga, tangu mashamba ya pamba hadi mji mdogo wa Maganzo ulio jirani na mgodi wa almasi wa Mwadui, ataona kwamba ugomvi ambao wenyewe hawakuumaliza huingia katika mirathi, nao hurithiwa kwa wepesi kuliko ng'ombe.

Na asili yake, mara nyingi, ni ng'ombe hao hao. Kwa ada ya Wasukuma, ambayo mtafiti Hans Cory aliitungia kitabu mwaka 1953, ng'ombe wa mahari ya binti huingia zizini mwa baba, na kutoka humo kaka zake huozwa wake. Basi kijana aliyekwenda Geita kutafuta dhahabu, akarudi akakuta zizi tupu na mdogo wake ameoa, huweza kukaa miaka mingi asimwamkie nduguye.

Hatari yenyewe hudhihiri siku ya msiba. Aliyekuwa hasemi na marehemu ndiye wa kwanza kutazamwa kwa dhana mbaya, na jamaa wakienda kupiga ramli, mganga hahitaji kipawa kikubwa, maadamu kijiji kizima chajua nani aligombana na nani. Mkoa wa Shinyanga umejulikana, kwa masikitiko, kwa mauaji ya vikongwe waliodhaniwa wachawi, wengine kwa wekundu wa macho tu, uletwao na moshi wa jikoni; na Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928 haikuiondoa dhana hiyo. Suluhu iliyofanywa mbele ya mashahidi, mgonjwa angali na ulimi wake, humkinga shangazi mzee kuliko sheria. Kwa hiyo mwenye faida kubwa katika msamaha, kwa rai yangu, ni yule abakiaye duniani.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 iliweka baraza la watu saba, watatu wao wanawake, ambalo kazi yake ni kupatanisha, si kuhukumu. Lakini mapatano yataka wawili walio hai: msimamizi wa mirathi aweza kudai shamba na kulipa deni la marehemu, asiweze kusamehe kwa ulimi wake. Ndiyo maana napendelea watoto wa pande zote mbili wahudhurie kikao cha suluhu, na hata walioko machimboni Nyarugusu, huko Geita, waitwe, kwani wao ndio watakaopakana mashamba.