Bustani, redio na damu yako

Masika yakianza, mambo yote hubadilika. Njia ya shule ni tope tupu, nguo hazikauki, na umeme nao unakatika bila hodi. Je, wewe ukirudi nyumbani unafanya nini? Unalala? Unakaa kibarazani kuhesabu matone ya mvua?

Hebu tukupe dili mbili ambazo hazihitaji pesa nyingi: bustani ya mboga na redio ya masafa mafupi. Najua utauliza, "Bustani sawa, lakini redio inahusiana nini na afya?" Swali zuri! Vyote viwili vinakutoa nje ya nyumba. Na ukiwa huko nje, kuna kitu kimoja unachoweza kukijenga au kukipoteza bila kujua. Kitu hicho ni damu yako.

KWA NINI DAMU?

Mwili wako unatengeneza damu kwa kutumia madini ya chuma. Madini haya ndiyo yanayoziwezesha chembe nyekundu kubeba hewa ya oksijeni hadi kwenye misuli na ubongo. Ukiwa na umri wa miaka 14 hadi 18 unarefuka haraka, kwa hiyo mahitaji yanapanda. Mvulana wa umri huo anahitaji kama miligramu 11 za madini ya chuma kwa siku. Msichana anahitaji 15, kwa sababu kila mwezi anapoteza damu ya hedhi.

Yakipungua unajisikiaje? Unachoka hata kama hujafanya kazi. Ukipanda ngazi unahema na moyo unadunda. Darasani unasinzia, mwalimu anasema wewe ni mvivu. Viganja na ndani ya kope za chini vinapauka. Wengine wanashikwa na hamu ya kula udongo au barafu. Dada, kama una pakiti ya udongo kwenye mkoba wa shule, usione aibu, lakini usiendelee kuula. Nenda kituo cha afya ukapimwe. Wanakuchoma kidogo kidoleni, basi. Msichana akiwa na himoglobini chini ya gramu 12 kwa desilita moja ya damu, huo ni upungufu wa damu. Kwa mvulana wa miaka 15 na kuendelea, kipimo ni gramu 13.

ANZA NA GUNIA MOJA

Wenzetu wa nchi za kaskazini husubiri majira ya machipuko ndipo wapande. Sisi tuna masika. Kila mwaka, tarehe 20 au 21 Machi, jua hupita juu ya Ikweta na ukanda wa mvua hulifuata. Ndiyo maana sehemu nyingi za Kenya na kaskazini mwa Tanzania hupata mvua ndefu kuanzia Machi hadi Mei. Kama unaishi kusini au magharibi mwa Tanzania, mvua zako huanza kama Novemba na kuishia Aprili, kwa hiyo pangilia kufuatana na kwenu.

Huna shamba? Wala usijali. Tafuta gunia kuukuu. Changanya udongo na mbolea ya samadi iliyooza vizuri. Mbolea mbichi inaunguza miche, na pia ina vijidudu. Katikati ya gunia jaza mawe madogo kutoka chini hadi juu, ili maji yapenye hadi kwenye mizizi ya chini. Toboa matundu pembeni, uchomeke miche ya sukuma wiki. Juu panda mchicha. Mbegu za mchicha ni ndogo kama punje za mchanga, kwa hiyo zichanganye na mchanga mkavu kabla ya kumwaga, zisirundikane mahali pamoja.

Baada ya wiki 3 au 4 hivi mchicha utaanza kuliwa. Sukuma wiki huchukua kama miezi miwili, lakini ukichuma majani ya chini tu unaendelea kuvuna kwa muda mrefu. Mnavu, mgagani, kisamvu, majani ya kunde na matembele pia ni mboga nzuri. Usizidharau eti ni chakula cha maskini!

MBOGA IPO, LAKINI JE, INAINGIA MWILINI?

Hapa wengi wanakosea. Madini ya chuma yaliyomo kwenye mboga za majani hayanyonywi kwa urahisi kama yale ya nyama na samaki. Yanahitaji msaada. Zingatia haya:

1. Kamulia limau kwenye mboga ikishaiva, au kula chungwa, pera au embe pamoja na mlo. Vitamini C inasaidia madini kuingia mwilini.

2. Ongeza dagaa au kipande cha nyama, hata kidogo. Vinasaidia mwili kuyanyonya madini ya mboga.

3. Chai na kahawa zisubiri. Zina kitu kinachozuia madini ya chuma. Kunywa angalau saa moja kabla au baada ya kula, siyo kuteremshia ugali.

4. Osha mboga kwa maji safi kabla ya kukata, na usiichemshe mpaka ikawa kama uji. Joto la muda mrefu huharibu vitamini C.

Tuseme ukweli: gunia moja halitibu upungufu mkubwa wa damu. Kama umepimwa na damu iko chini, daktari atakupa vidonge na atatafuta chanzo. Malaria na minyoo navyo humaliza damu, na hedhi nzito kupita kiasi inahitaji kutibiwa. Mboga ni ya kukujenga kila siku, siyo ya kuchukua nafasi ya dawa.

VAA VIATU!

Sasa sikiliza kwa makini. Bustani hiyo hiyo inayokupa damu inaweza kukunyang'anya. Minyoo ya safura huishi ndani ya utumbo wa binadamu na kunyonya damu. Mayai yake hutoka na choo kikubwa. Mtu akijisaidia vichakani, mayai yanaanguliwa kwenye udongo wenye unyevu, na masika udongo wa namna hiyo umejaa kila mahali. Viluwiluwi vyake vidogo kabisa husubiri hapo. Ukipita peku, vinatoboa ngozi ya mguu na kuanza safari mpaka tumboni. Huhitaji kuvimeza.

Dawa yake? Vaa viatu vya kufunika au buti za mpira ukiwa bustanini. Tumia choo, na wadogo zako pia. Nawa mikono kwa sabuni ukimaliza kupalilia. Dawa za minyoo zikigawiwa shuleni, usijifiche chooni!

JIONI NI SAA YA REDIO

Kazi imekwisha, jua linazama. Sasa chukua redio. Tunazungumzia ile yenye alama ya SW, yaani masafa mafupi. FM ina sauti safi, lakini mawimbi yake husafiri karibu kwa mstari ulionyooka na hayaendi mbali. Mawimbi ya masafa mafupi yanapanda juu, yanagonga tabaka la hewa liitwalo ayonosfia na kurudi duniani, hata maelfu ya kilometa kutoka yalikotoka. Ni kama mpira unaodunda kwenye dari.

Kwa nini jioni? Mchana jua hutengeneza tabaka jingine la chini, kwenye kimo cha kilometa 60 hadi 90. Hilo humeza mawimbi ya bendi kama mita 49 na mita 41. Jua likizama linatoweka, na mawimbi yanapata njia ya kupanda zaidi ya kilometa 200 na kudunda. Kwa hiyo mchana jaribu mita 19 au 16, usiku jaribu mita 49, 41 na 31. Zungusha kitufe polepole sana. Ukisikia muda wa GMT, ongeza saa 3 kupata wa Afrika Mashariki. Saa 1600 GMT ni 1900 ya huku, yaani saa 1 usiku.

Utasikia nini? Habari, lugha usizozijua, na muziki wa kila aina. Hivi ndivyo muziki ulivyotembea zamani. Katika miaka ya 1940 na 1950, stesheni za Brazzaville na Léopoldville, yaani Kinshasa ya leo, zilirusha muziki wa dansi kwa wasikilizaji wa mbali. Wanamuziki wa Kongo walisikiliza santuri za Cuba, wakatengeneza rumba yao, na bendi za Afrika Mashariki nazo zikaiga na kuongeza vya kwao. Mwaka 2021 UNESCO iliiingiza rumba ya Kongo kwenye orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu. Hata hivyo, usitegemee kupata kila stesheni waliyoisikia babu na bibi. Radio Canada International na Radio Netherlands, kwa mfano, zilifunga matangazo yao ya masafa mafupi mwaka 2012. Zilizobaki bado zinatosha kukufurahisha.

Ukisikia stesheni ya mbali, andika kwenye daftari tarehe, saa ya GMT, masafa kwa kilohezi na ulichosikia. Baadhi ya stesheni zikipokea ripoti kama hiyo hukutumia kadi ya kuthibitisha, inayoitwa kadi ya QSL. Wapo watu wanaozikusanya kama wengine wanavyokusanya stempu. Daftari hilo hilo litumie kuandika tarehe ya kupanda na ya kuvuna. Msimu ujao utajua ulichofanya.

MBU, RADI NA MASIKIO

Chaja za simu, televisheni na baadhi ya taa za LED hutoa mkwaruzo unaofunika stesheni za mbali. Kwa hiyo mahali pazuri pa kusikilizia ni mbali kidogo na nyumba, na mara nyingi ndiko iliko bustani yako. Safi! Lakini mbu wa malaria naye huuma kuanzia jua kuzama hadi alfajiri. Muda wako na muda wake ni mmoja, na malaria inaharibu chembe nyekundu za damu. Vaa mikono mirefu na suruali au sketi ndefu, jipake dawa ya kufukuza mbu, na muda wa kulala ukifika ingia ndani ya chandarua. Redio inaweza kuingia nayo!

Maji yaliyotuama ndiyo nyumba ya mbu. Yai linaweza kuwa mbu kamili kwa siku 7 hadi 14. Basi kila wiki, bila kukosa, mwaga maji kwenye makopo na ndoo, na fukia madimbwi ya bustanini. Pipa la kuvunia maji ya mvua lifunikwe.

Kuna na radi. Ukifunga waya wa mita 5 kwenye antena, redio itashika vizuri zaidi. Lakini usiupitishe karibu na nyaya za umeme, na dhoruba ikikaribia uondoe. Redio yenyewe inakuonya: ikianza kukwaruza "krrr, krrr" mara kwa mara, huenda radi inapiga mahali fulani. Ukisikia ngurumo, ingia ndani.

Mwisho, masikio. Stesheni dhaifu inakushawishi upandishe sauti, hasa ukivaa visikizio. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe saa 40 kwa wiki kwenye sauti ya desibeli 80. Ikifika 90, ni saa 4 tu kwa wiki. Kama mwenzako aliye karibu anasikia muziki uliomo masikioni mwako, punguza. Masikio yakilia "nziii" baada ya kuvua, umepitiliza.

Unaona sasa? Gunia moja, redio moja, viatu, chandarua na limau. Anza Jumamosi hii kwa kutafuta gunia, na kama unachoka ovyo siku hizi, Jumatatu nenda ukapime damu. Kazi kwako!