Siasa za Asili Mocímboa da Praia: Shutuma ya Ukabila Inapogeuzwa Silaha
(Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tulieleza jinsi Katiba ya 1990 ilivyofungua mlango wa vyama vingi nchini Msumbiji, na jinsi uchaguzi wa kwanza wa Oktoba 1994 ulivyofanyika huku makovu ya vita vya Frelimo, chama tawala, na waasi wa Renamo yakiwa bado mabichi. Leo tunashuka hadi mji mmoja tu, Mocímboa da Praia, pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado. Huko swali letu liligharimu roho za watu: mwanasiasa akimshutumu mwenzake kwamba anapanda chuki ya kabila au rangi, tuipime vipi shutuma hiyo?

Tuanze na mji wenyewe. Ufukweni wanaishi Wamwani, wavuvi na wachuuzi wa baharini, Waislamu ambao Kimwani chao ni jirani wa karibu wa Kiswahili. Ukielekea magharibi unapanda uwanda wa juu wa Mueda, nchi ya Wamakonde, ambao wengi wao ni Wakatoliki. Wamakonde wengi wameteremka na kujenga mjini, na Wamakua nao wapo. Watu hawa wameuziana samaki na mihogo, wameoana na wamezikana. Lakini wamerithi pia kumbukumbu nzito. Katika karne ya 19 biashara ya watumwa ililisha bandari za pwani hii, na uwanda wa juu ukawa kimbilio la waliowakimbia wawindaji wa watu. Vita vya ukombozi vilipoanza tarehe 25 Septemba 1964, Wamakonde walitoa wapiganaji wengi, na Wareno wakafanya kila juhudi kuwaaminisha Wamakua na Waislamu wa pwani kwamba Frelimo ni jeshi la Wamakonde. Baada ya uhuru wa 1975, waliopigana walistahili heshima, na baadaye pensheni. Kwa kuwa wengi wao walitoka uwanda wa juu, pwani ilianza kuuliza: na sisi je?

Renamo ilipokuja kutafuta kura, ililikuta swali hilo likisubiri. Ikapata wafuasi wengi miongoni mwa Wamwani, na Frelimo ikawategemea sana Wamakonde. Haikuwa kanuni isiyo na mtu wa kuivuka, lakini ilitosha kumfanya mtu akisie kura ya jirani yake kwa kusikia jina lake na lafudhi yake.

Mwaka 2005 meya wa mji, wa Frelimo, alikuwa amefariki, ikabidi uchaguzi wa kuziba nafasi yake ufanyike mwezi Mei. Amadeu Pedro wa Frelimo alitangazwa mshindi dhidi ya Saide Assane wa Renamo, kwa tofauti ya kura mia kadhaa. Renamo ikayakataa matokeo. Mwanzoni mwa Septemba ikajaribu kumsimika mgombea wake kama meya wa kwake yenyewe, na mji ukalipuka. Watu wasiopungua 7 waliuawa, makumi wakajeruhiwa, nyumba zikachomwa moto.

Tutazame kwa karibu kitu kilichokuwa kinagombewa. Katika uchaguzi wa Msumbiji, kura zikishahesabiwa kituoni, karatasi ya matokeo hubandikwa hadharani palepale, kila mpita njia aisome. Ni karatasi yenye majina ya wagombea na tarakimu. Mtu mwenye shaka huichukua tarakimu ya kituo hiki akailinganisha na iliyotangazwa makao makuu. Ikitofautiana, ana hoja. Ugomvi wa kura za Mei ulikuwa wa aina hiyo, wa karatasi na hesabu, na mahali pake ni tume ya uchaguzi na Baraza la Katiba. Ulipofika Septemba, mitaani haukusimuliwa tena hivyo. Ulisimuliwa kama Wamwani dhidi ya Wamakonde. Mvuvi ambaye hakupiga kura, na bibi kizee ambaye hata jina la mgombea hakulijua, wakajikuta ndani ya ugomvi kwa sababu ya kuzaliwa kwao tu.

Zanzibar iliwahi kupita njia hiyo. Tangu uchaguzi wa 1957, majukwaa na magazeti ya vyama yalishindana kutukanana kwa asili: Hizbu ikaitwa chama cha Waarabu wanaotaka kurudisha utumwa, na Afro-Shirazi ikaitwa chama cha wageni kutoka bara. Kila upande uliapa kwamba mbaguzi ni mwenzake. Ghasia za uchaguzi wa Juni 1961 ziliua watu 68, wengi wao Waarabu, na wengi wakiwa watu wa mashamba na vijiduka ambao hawakuwahi kuhutubia mkutano wowote.

Tuipime vipi, basi, kauli ya jukwaani? Napendekeza maswali mawili. Kwanza, anayeshtakiwa ni nani? Pili, msikilizaji anaombwa afanye nini? Mgombea akisema, "Ajira za serikali na mafao yamekwenda upande mmoja, tuonyesheni orodha," anayeshtakiwa ni mwenye madaraka, na msikilizaji anaombwa adai hesabu. Kauli hiyo inaweza kuwa kweli au uongo, lakini inapimika, na haimnyimi mtu yeyote haki ya kuishi mjini. Akisema, "Mji huu una wenyewe, hawa wa kuja warudi walikotoka," au "Hawa wa pwani tunawajua tangu enzi za babu zao," anayeshtakiwa ni kila aliyezaliwa upande ule, pamoja na mtoto mchanga, na msikilizaji anaombwa amtazame jirani yake kama adui. Hapo ubaguzi upo, hata kama jina la kabila halikutamkwa.

Maswali hayohayo yanamhusu pia anayetoa shutuma. Ziko namna mbili za kuitumia vibaya. Ya kwanza ni ya wenye nchi: raia akiuliza kwa nini pwani haina hiki wala kile, anaambiwa ni mkabila anayevunja umoja wa taifa, na swali lake linazikwa bila jibu. Ya pili ni ya wanaotaka nchi: kiongozi mmoja akitamka neno ovu, wanatangaza kwamba kabila lake lote ndivyo lilivyo. Anayefanya hivyo amerudia kosa lilelile analolilaani.

Sheria haikukosekana. Katiba iliyopitishwa Novemba 2004, miezi michache kabla ya kura ile ya Mei, inatamka katika kifungu cha 35 kwamba raia wote ni sawa bila kujali rangi, kabila, mahali pa kuzaliwa wala dini, na kifungu cha 39 kinataka vitendo vya kuwagawa watu kwa misingi hiyo viadhibiwe. Vifungu hivi vinamhitaji mshtakiwa mwenye jina, na maneno yake yaliyothibitishwa. Kabila halipandishwi kizimbani.

Kwa hiyo anayeshutumu ubaguzi na aeleze nani alisema, wapi, lini na kwa maneno gani, kisha aishie hapo. Na anayelalamikia mgao wa mali na vyeo ajibiwe kwa takwimu, asijibiwe kwa kuitwa mkabila. Mji ulionyimwa majibu hayo mwaka 2005 ulibaki na kinyongo, na kinyongo ni mtaji kwa yeyote anayetaka vijana wa kuwatuma.

Juma lijalo tutaingia katika asubuhi ya tarehe 5 Oktoba 2017, vituo vya polisi vya mji huohuo viliposhambuliwa, na kuchunguza ni kwa kiasi gani malalamiko ya pwani yalitumiwa na waasi, na kwa nini ni makosa kuviita vita vile vita vya kabila.

Itaendelea.