Mbwa, Mshenzi na Mwenzi: Lugha ya Urafiki na Mbwa Katika Kiswahili cha Katanga

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi Kiswahili kinavyomtaja mbwa anayefugwa kwa ajili ya urafiki na faraja, si kwa ulinzi wala uwindaji. Mfano unaotumika ni ule wa Tenke, mji wa ukanda wa shaba ulioko mkoani Lualaba, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Reli ya kutoka Tenke hadi Dilolo ilipokamilika mwaka 1931, Tenke ikawa njia panda ya reli ya Bukama na ile iendayo Angola. Wasanga, Waluba, Wabemba na wengineo walikutana hapo, na Kiswahili kikawa lugha yao ya pamoja.

Nomino mbwa haikuhitaji kuazimwa. Ni neno la asili ya Kibantu: Kiluba na Kilingala husema mbwa, Kibemba husema imbwa, na imbwa ndilo umbo lisikikalo pia Katanga. Yaliyotofautiana ni mazingira ya matumizi. Katika mwambao, wafuasi wa madhehebu ya Shafi huhesabu mate ya mbwa kuwa najisi. Hivyo mbwa alilinda na kuwinda, lakini hakuzoeshwa kukaa ndani. Methali isemayo "Ukicheza na mbwa atakufuata msikitini" inaonya dhidi ya mazoea yale yale ambayo mpenda mbwa huyatafuta. Mbwa koko ni mbwa asiye na mwenyewe, na kumwita mtu mbwa ni kumtukana. Msamiati huu ulifika bara, hata katika miji ambako sharti hilo la tohara halina wafuasi wengi.

Dharau hiyo ilipata sura nyingine katika neno basenji. Mwambao ulikuwa na mshenzi, wingi washenzi, jina walilopewa watu wa bara. Huko Kongo, ambako kiambishi wa- huwa ba-, neno hilo likawa musenji, wingi basenji, na wakati wa ukoloni wanavijiji waliitwa hivyo. Waingereza waliowachukua mbwa wadogo wa Kongo, wasiobweka kama mbwa wengine, waliwapa jina hilo hilo: mbwa wa basenji, yaani mbwa wa "washenzi". Mbwa hao walioneshwa katika maonyesho ya Crufts, London, mwaka 1937, na katika miaka ya 1940 shirika la Marekani la usajili wa mbwa likawatambua rasmi. Baadaye nomino ya kwanza ilidondoshwa, na basenji likabaki jina la mbwa mwenyewe, hata akiwa mmoja. Kiambishi ba- kinashuhudia kwamba neno lilitoka Kongo, si mwambao. Kinashuhudia pia jambo chungu: mbwa anayelala kitini huko Ulaya na kupendwa kama mtoto anaitwa kwa jina ambalo wenye mbwa huyo walitukanwa kwalo.

Upo ushahidi mwingine, nao ni wa kisarufi. Kiswahili sanifu huwapa wanyama vimilikishi vya ngeli ya watu: mbwa wangu, paka wangu. Lakini nomino za ngeli ya 9 zinazotaja jamaa na marafiki hubaki na vimilikishi vya ngeli yao: ndugu yangu, mama yangu, rafiki yangu. Kwa hiyo katika usanifu mbwa na rafiki hutenganishwa na kimilikishi. Katika Kiswahili cha Katanga hawatenganishwi: imbwa yangu, rafiki yangu. Isidhaniwe kwamba sarufi hiyo ilibuniwa kwa mapenzi ya mbwa, kwani nyumba yangu nayo hufuata kanuni iyo hiyo. Hata hivyo, kanuni hiyo humruhusu msemaji wa Tenke kumtaja mbwa wake na rafiki yake kwa upatanisho mmoja.

Katika usanifu wa leo, istilahi mnyama kipenzi imeenea, na kutokana nayo husemwa mbwa kipenzi. Istilahi hiyo inafaa, ingawa kipenzi humtaja yule anayependwa tu, ilhali urafiki una pande mbili. Neno mwenzi lingeweza kuongezwa, maana hutaja anayeandamana na mtu.

Suala hili si la wanaisimu peke yao. Mwanafunzi wa Tenke anapoandika "imbwa yangu ni rafiki yangu", mwalimu hana budi kumfundisha mbwa wangu, kwa kuwa ndiyo kanuni ya maandishi sanifu. Lakini amweleze pia kwamba usemi wa nyumbani kwao una kanuni yake kamili, wala si Kiswahili cha kishenzi.