Land Rover ya Mzee: gari za zamani za Kisangani na watu wanaozipenda

Siku ya Mungu, kisha misa, sisi watu kama kumi hivi tunakutana katika komini ya Tshopo, ndani ya lupango moja yenye mwembe mkubwa. Chini ya mwembe iko Land Rover Series III, imefunikwa na bashi iliyotoboka. Mwenyewe ni fundi aliyetumika miaka mingi katika kampuni ya madini. Jina lake hatulitaji juu yeye mwenyewe amekataa kuingia gazetini. Sisi tunamwita Mzee tu. Anaondoa bashi, anapangusa kioo, anachukua manivele, anaiingiza pale mbele na kuzungusha. Mara moja, mara mbili. Ya tatu, motere inashika. Hapo watoto wa majirani wanapiga makofi, na sisi watu wazima pia, tusidanganyane.

Wanaokuja pale ni watu wa namna nyingi. Kuna shofere wa zamani wa njia ya Bunia, masikio yamechoka lakini akisikia motere anakuambia ni silinda gani haitumiki vizuri. Kuna mwalimu mmoja wa historia. Kuna vijana wa taksi-moto, ambao walizaliwa wakati kamyo za zamani zilikuwa zimekwisha kuoza. Na kuna sisi wa sendika ya wafanyakazi wa madini.

Msomaji anaweza kuuliza: watu wa sendika wanatafuta nini kwa gari za zamani? Jibu ni kamyo moja ya Magirus-Deutz.

Ile kamyo ilikuwa ya kampuni moja ambako wengi wetu tulitumika. Ilikuwa inatubeba asubuhi kwenda kazini, magaribi inaturudisha, na katikati inabeba mizigo. Wanaozijua Magirus za zamani wanakumbuka pua yake ya duara na sauti yake. Motere yake ya Deutz inapozwa na upepo, haina radiateri, basi hakuna maji ya kuchemka katikati ya pori. Kwa njia zetu hiyo ilikuwa neema kubwa. Kazi iliposimama, tulikuwa tunadai mishahara ya miezi mingi. Tuliandika barua: uzeni kamyo mtulipe, ao mtuachie kamyo yenyewe. Jibu halikuja. Asubuhi moja tulikuta watu na shalimo wanakata shasi vipande-vipande, wanapima kwa kilo. Ilikwenda kama mitraye. Mishahara haikulipwa mpaka leo.

Tuliokoa vitu viwili tu: usukani, na alama ya chuma ya mbele. Ile alama watoto wanauliza kama ni mlima. Si mlima, ni kanisa: mnara wa kanisa kubwa la mji wa Ulm, Ujerumani, ambako Magirus zilikuwa zinatengenezwa, umeunganishwa na herufi M. Sisi tulipanda nyuma ya ule mnara miaka na miaka bila kujua. Tangu siku ile ndipo tulianza kuulizana: kwa nini kila kitu tulichotumikia kinakwisha kwa kilo?

Ni pale tulianza kumsikiliza Mzee, na mwalimu, na kukusanya habari.

Wageni wakifika Kisangani wanapenda kuuliza juu ya mashua ya ile filamu ya The African Queen, ambayo sehemu yake ilipigwa picha karibu na Ubundu mwaka 1951. Sawa. Lakini gari nazo ziko na hadithi yao hapa, na ni ya mbele kuliko filamu. Tarehe 28 mwezi wa 10, 1924, magari 8 ya Citroën yalitoka Colomb-Béchar, kule Algeria, chini ya Georges-Marie Haardt na Louis Audouin-Dubreuil. Wafaransa waliita safari ile La Croisière noire. Magari yenyewe yalikuwa ya ajabu: mbele magurudumu, nyuma mikanda ya mpira, kazi ya injinia Adolphe Kégresse, aliyewahi kutunza gari za mfalme wa Urusi. Kila gari lilikuwa na jina na alama yake. La Haardt liliitwa Scarabée d'or, mdudu wa dhahabu. La mwenzake Croissant d'argent, mwezi mwandamo wa fedha. Walipita jangwa, wakapita Niger na Chad, wakaingia Kongo upande wa Uele, na mwaka 1925 walifika hapa kwetu, wakati mji unaitwa Stanleyville. Halafu wakaingia pori la Ituri kuelekea Kampala. Pale Kampala waligawanyika makundi manne, kila moja likatafuta bahari kwa njia yake, na mwezi wa 6, 1925 walikutana Madagascar.

Kule Ulaya watu wanapenda ile safari mpaka leo. Mchoraji wao Alexandre Iacovleff aliwachora Wamangbetu, Léon Poirier alipiga filamu iliyoonyeshwa Paris mwaka 1926, na kuna wapenzi wa gari wanaojua hesabu ya meno ya kila gia ya yale magari. Hatuwacheki. Sisi pia, mwalimu alipotuletea picha moja katika simu yake, tulikaa nusu saa tunaitazama. Shofere wetu alisema: « Hii mikanda, kwa matope ya kule Bafwasende, ingefika. Tena ingefika mbele ya Fuso. »

Lakini katika picha kuna pia watu wengine, pembeni, wamesimama na majembe. Gari haiwezi kupita porini kama hakuna aliyekata miti. Njia zile zilifunguliwa na maelfu ya wanakijiji, kwa amri, na mikono. Kisha vijiji vyenyewe vilihamishwa kando ya barabara, ili serikali iwaone watu vizuri na watu watengeneze njia. Ndiyo sababu mpaka leo ukitoka Kisangani kwenda Buta ao Nia-Nia, vijiji vimepangwa mstari mmoja kama maduka. Kantonye na jembe lake ni wa kwanza katika historia ya gari hapa kwetu, mbele hata ya shofere.

Mwalimu anapenda kurudi nyuma zaidi. Mwaka 1888 Dunlop alitengeneza mpira wa hewa kwa ajili ya baiskeli. Mwaka 1895 ndugu Michelin walikimbiza gari yenye mipira ya hewa kutoka Paris mpaka Bordeaux na kurudi. Miaka ile ile ulimwengu ulikuwa unalilia mpira, na Kongo ilikuwa mali ya mfalme Leopold II. Utomvu ulitoka katika mitambaa ya pori, na wakubwa wetu walilipa kwa damu. Vita ya pili ya dunia ilipofika, Wajapani wakashika mashamba ya mipira ya Asia, na hapa watu walirudishwa porini kutafuta utomvu. Siku za kazi ya lazima zilipandishwa kutoka 60 mpaka 120 kwa mwaka. Kuna mama mmoja mzee sana katika mtaa wetu anayekumbuka baba yake akiondoka na kikapu. Kwa hiyo ukitupigia kelele kwamba gari ni vitu vya wazungu, tutakuambia: chini ya ile gari, pale inapogusa udongo, ni sisi. Na leo, wenzetu wa Kolwezi wanachimba kobalti ya batri za gari za umeme. Sendika inajua hiyo hesabu.

Kijana mmoja wa moto alituuliza wazi: « Bazee, sasa kwa nini munapenda vitu bya bakoloni? »

Mzee hakukasirika. Alimwonyesha kipande cha mti alichokichonga, kinene upande mmoja, chembamba upande wa pili. Ni kala. Zamani kila kamyo ilikuwa na boi-shofere, mtoto wa miaka kumi na tano, kumi na sita. Kamyo ikipanda mlima na breki hazishiki, boi anaruka chini, anakimbia nyuma ya gurudumu na kala mkononi, na kila kamyo inaposimama anaiweka. Akikosea, kamyo inarudi juu yake. Mzee alianza hivyo. Akasema: « Mutoto yangu, mukoloni alinunua gari. Lakini hakuijua. Mimi njo niliijua. »

Hatukuwa na neno la kuongeza.

Kisha uhuru mambo yalibadilika, si kwa wema tu. Kuna gari moja ambayo wazee wa hapa wanaisema kila mara ingawa haikufika: ile iliyomleta Lumumba. Alitoka Léopoldville usiku wa 27 mwezi wa 11, 1960, akielekea Stanleyville, ambako watu wake walikuwa wanamngoja. Alikamatwa kule Lodi, kwenye mto Sankuru, kwenye kivuko. Shofere wetu anasema kama baki ingekuwa upande wao, historia ingekuwa nyingine. Labda. Mashofere wanaamini sana mambo ya baki.

Miaka ya 60 na 70 ilikuwa miaka ya Peugeot na Volkswagen. Peugeot 404 iliyotoka mwaka 1960 ilishinda Safari Rally ya Afrika Mashariki mara nne, 1963, 1966, 1967 na 1968, na sifa yake ilivuka mpaka. Hata mwandishi V. S. Naipaul, katika kitabu chake cha 1979 juu ya mji kwenye kona ya mto, ambao kila mtu anautambua kuwa ni Kisangani, alimleta mtu wake mjini ndani ya Peugeot. Halafu tarehe 30 mwezi wa 11, 1973 Mobutu alitangaza zairianisation. Maduka na garaji za wageni ziligawiwa kwa watu wenye marafiki, na wengi hawakujua pyese inaagizwa wapi. Mafundi ndio waliobeba mzigo. Mzee anasema ni wakati ule alijifunza kukata gaskiti katika karatoni na kuchonga bushi katika mti mgumu.

Vita zilimaliza zilizobaki. Kila jeshi lililopita mjini, 1964, 1967, 1997, lilichukua gari. Na mwezi wa 6, 2000, Rwanda na Uganda walipopigana hapa siku sita, wengi waliobaki na gari waliipoteza siku zile. Kisha tukaishi kwa toleka, baiskeli yenye kiti cha nyuma. Mji mzima ulikanyaga pedali. Vijana wa leo wanacheka toleka. Wasicheke, ililisha wazazi wao.

Nairobi wako na bahati nyingine. Kule kuna mashindano ya gari nzuri za zamani, na tangu 2003 kuna rally ya gari za zamani inayoleta watu wa ulimwengu wote na pesa zao. Sisi tuko na mwembe.

Sasa tufike kwa jambo lenyewe. Land Rover ya Mzee iko hatarini, na sababu ni bodi yake. Land Rover za kwanza zilitoka mwaka 1948, wakati chuma kilikuwa kinagawiwa kwa kipimo Uingereza kisha vita, basi waliivika aluminium. Desturi hiyo ilibaki mpaka Series III. Aluminium haiozi kwa mvua yetu, ndiyo maana gari imeishi. Lakini aluminium ndiyo pia inayeyushwa kwa sufuria. Nenda kwa wanaotengeneza sufuria, angalia rundo lao: kichwa cha motere, karteri, mlango wa Land Rover. Kuna siku tulikula sombe kwa mtu, na Mzee akagonga sufuria na kijiko, akasema kwa sauti ndogo: « Hii ni garde-boue ya kushoto. » Tulicheka, yeye hakucheka sana.

Mwezi uliopita Mzee aliugua, akalala hospitali siku tisa. Mnunuzi wa mitraye alifika nyumbani siku ya nne. Alijua. Hawa watu wanajua siku zote. Alitoa pesa mbele ya watoto wa Mzee, taslimu. Watoto si wabaya, walikuwa na karatasi ya kulipa mkononi. Mtoto mkubwa alitupigia simu: « Baba zangu, mukija na pesa mbele ya saa kumi na moja, gari inabaki. Mukikosa, musinilaumu. »

Tulizunguka. Shofere alitoa pesa za mkaa, mwalimu aliazima, vijana wa moto walitoa pesa ya siku moja, kila mmoja. Kasha ya sendika haikuguswa, tunaandika hapa ili wanachama wajue. Saa kumi na nusu tulikuwa na dola 110 kwa 150. Mtoto wa Mzee alihesabu, akatazama gari, akamwambia mnunuzi arudi siku nyingine.

Mzee alirudi nyumbani, ametembea polepole mpaka chini ya mwembe, akaondoa bashi. Hakusema asante. Alisema mipira ya nyuma imekosa hewa na nani alikuwa anaangalia.

Zile dola 40 tumekwisha kuzimaliza. Sasa tunatafuta disiki ya ambrayaji. Kampala ziko, lakini gari za kule usukani uko kuume na si kila pyese inafanana. Hii ya ambrayaji Mzee anasema itaingia. Kijana mmoja wa moto anasafiri kwa Bunia mwisho wa mwezi, amechukua ile ya zamani ndani ya mfuko ili alinganishe. Kama ndani ya lupango lenu kuna Series imelala chini ya majani, hata bila motere, msimwite mtu wa mitraye kwanza. Tuko Tshopo kila siku ya Mungu, kisha misa. Anayekuja alete nusu litri ya esansi.