Je, Wajua? Cheche Bila Distribyuta

Je, wajua ya kuwa injini kuukuu ya silinda 4 yaweza kuondolewa distribyuta, pamoja na kifuniko chake, rota na pointi zichakaazo, na cheche zikazidi kufika kwenye plagi kwa wakati wake barabara? Fundi hufunga kwenye puli ya krenkishafti gurudumu lililogawanywa meno 36, ambalo jino moja limeondolewa kwa kusudi. Na kwa kuwa toka jino hata jino ni nyuzi 10 za mzunguko, sensa iliyokaribishwa nalo, kila ilipitiwapo na lile pengo, hutambua pasi na shaka mahali zilipo pistoni. Ndipo koili 2 zinapotoa cheche kwa jozi, silinda ya 1 pamoja na ya 4, ya 2 pamoja na ya 3: cheche moja huwasha petroli na hewa zilizokwisha kushindiliwa, na mwenziwe hupotea bure katika moshi utokao. Wala asili ya hikima hii si ya jana, kwani Citroën 2CV, iliyodhihirishwa Paris mwaka 1948, ijapokuwa ilitegemea pointi, haikuwa na distribyuta kamwe, silinda zake 2 zikishirikiana koili moja.